Nyama ina ladha ya chuma: maswali yenu ya chakula wakati wa kemo

Haya wapendwa, toka tulivyogusia kemo, yaani dawa za kutibu kansa, toleo lililopita maswali yamemiminika, mengi ya huku huku kwetu Kanda ya Ziwa, na mengi yanafanana kwahiyo nimechukua machache yanayobeba na ya wengine. Kabla sijaanza niseme jambo moja maana litajirudia humu ndani mpaka mnichoke: muulizeni nesi jina la dawa inayoingia kwenye hiyo dripu, mwambieni awaandikie kwenye daftari, likae na kadi ya kliniki. "Kemo" siyo dawa moja, ni dawa nyingi tofauti, na ushauri unaomfaa wa kitanda hiki unaweza kumuumiza wa kitanda cha pili.

Shikamoo anti. Mama yangu ana kansa ya titi, anapata dripu hospitali ya Bugando na juzi kamaliza ya tatu. Mwanzo alikuwa anakula vizuri tu ila sasa hivi kila kitu anasema kina ladha ya chuma, nyama ndo kabisa anasema anatafuna shilingi, na sato ambaye ndo ulikuwa ugonjwa wake, siku hizi akisikia tu mafuta yanachemka anatoka nje. Amepungua mpaka sketi zinamvuka. Mbaya zaidi ndugu wanasema anadeka. Nimpe nini jamani? Binti wa Igoma

Marahaba mwanangu, pole na uuguzi. Hao ndugu waambie mama hadeki. Hizi dawa zinawinda seli zinazojigawa harakaharaka, seli za kansa ziko hivyo, ila na nywele ziko hivyo, ngozi ya ndani ya mdomo iko hivyo, na vile vionjo vya kwenye ulimi viko hivyo pia, vinakufa na kuzaliwa vipya kila baada ya kama siku kumi hadi wiki mbili, sasa dawa ikipita inavikuta humo humo. Ongeza na mate kupungua, mdomo mkavu hausikii ladha vizuri, ongeza na pua ambayo inakuwa kali kupita kawaida, hapo ndo unapata mtu anayekimbia harufu ya samaki aliyemla maisha yake yote. Kwa wengi ladha inarudi wiki chache au miezi michache baada ya dripu ya mwisho. Kazi yenu sasa hivi ni kumvusha mama afike huko akiwa na mwili.

Anza na mdomo kabla ya sufuria. Chukua lita moja ya maji yaliyochemka yakapoa, tia kijiko cha chai cha chumvi na kijiko cha chai cha bekingi soda, asukutue kabla ya kula, baada ya kula na kabla ya kulala, anatema hamezi, kesho unatengeneza mengine. Nasema bekingi soda, siyo bekingi pauda, na siyo yale magadi ya kulainishia maharage jamani, maana kuna mtu atachanganya akamchoma mgonjwa mdomo. Dawa za kusukutua za dukani zenye spiriti achaneni nazo zinakausha. Mswaki uwe laini.

Hiyo ladha ya chuma inaongezeka akila na kijiko cha chuma, mpe cha plastiki au cha mbao, au ale kwa mkono wake akiwa amenawa vizuri, mikono tumepewa bure. Chakula kikae kwenye bakuli la udongo au la plastiki, maji anywee kwenye glasi.

Nyama iacheni kwa sasa. Watu wanalazimisha nyama kwa vile eti ndo chakula cha mgonjwa, mgonjwa anaitoa mdomoni kwa leso, wote mnalia. Protini iko kwenye mayai, maharage, choroko, kunde, karanga, maziwa, mtindi, kuku kwa anayemuweza. Mtu anayetibiwa kansa anahitaji kama gramu 1.2 mpaka 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, kwahiyo mama wa kilo 60 ni gramu 72 hadi 90. Inatisha kuisoma ila ukiigawa inawezekana: mayai mawili ni kama 12, vikombe viwili vya maziwa kama 16, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, kiganja cha karanga 7, kipande cha samaki cha gramu 100 kama 20, hapo umeshafika 70 bila nyama. Hatafika kila siku, msigombane naye kwa hilo.

Sasa huyo sato. Hapa nakuomba unisikilize vizuri, siku ya dripu na zile tatu nne zinazofuata wakati kichefuchefu kiko juu, SATO ASIINGIE NDANI. Mtu akila chakula anachokipenda huku anatapika, akili inaunganisha viwili hivyo na anaweza kukichukia hata baada ya matibabu kwisha. Mwekeeni akiba sato wake. Siku hizo mpe vitu visivyo na harufu na ambavyo hana mapenzi navyo sana, wali laini, viazi vitamu vilivyochemshwa, biskuti kavu, uji. Pika nje au kwa jirani, na chakula kipoe kidogo kabla ya kumpelekea, mvuke ndo unaobeba harufu. Baadaye akitulia mjaribu na sato wa kuchemsha, siyo wa kukaanga, mlaze kwanza kwenye ndimu na tangawizi nusu saa, mchuzi wa nyanya na giligilani, uone. Uchachu unafunika hiyo ladha ya chuma, ndo maana wengi wanaikubali jusi ya ukwaju au uji wenye ndimu wakati wamekataa kila kitu. Ila kama ana vidonda mdomoni ukwaju, ndimu na pilipili vyote simamisha, hapo ni parachichi, mtindi, viazi vya kuponda, uji uliopoa. Na ukiona utando mweupe kwenye ulimi huo unaweza kuwa fangasi, una dawa yake, mrudishe kliniki usimpake asali.

Kuhusu uji, kiukweli uji tunaowapelekea wagonjwa ni maji ya moto yenye rangi. Tia maziwa badala ya maji, koroga na karanga zilizosagwa (chagua karanga nzima nzima, zenye ukungu tupa zote usichambue), tone la mafuta au siagi, hapo kikombe kimoja kinafanya kazi ya vitatu. Apewe kidogo kidogo kila baada ya saa mbili tatu, ile sahani ya mlima mchana inamkatisha tamaa kabla hajaigusa. Maji asinywe mengi wakati anakula, yanajaza tumbo, anywe katikati ya milo.

Kama dripu zake ni kila baada ya siku 21 utaona mpangilio wenyewe, wiki ya kwanza mbaya, ya pili anasogea, ya tatu hamu inarudi. Hiyo ya tatu ndo wiki ya kula, pikeni, kaangeni, alipe madeni. Mpime uzito kila wiki mzani uleule nguo zilezile, andika. Akishuka kilo tatu kutoka 60 msisubiri tarehe ya kliniki, mkaseme. Na kama anatapika pamoja na vidonge vya kichefuchefu alivyopewa semeni pia, kuna vingine vya nguvu zaidi, watu wengi wanakaa kimya wakidhani kutapika ndo dawa inafanya kazi. Siyo.

Mimi ni mke wa mvuvi, tuko Ukerewe. Mume wangu ana kansa ya utumbo mpana kaanza kemo mwezi huu. Mgonjwa mwenzake kamwambia vitu vya baridi vinaondoa ladha mbaya, tumerudi nyumbani nikamtolea jusi kwenye friji ya jirani, ile kumeza tu kashika koo anasema anakabwa, na vidole vinamchoma kama sindano. Nikajua leo ndo mwisho. Ikapita. Sasa ni nini hiyo na je aendelee na dawa?

Pole dada, naona ulivyotetemeka. Ndo hapo sasa ninaposema jina la dawa. Yule mwenzake wala hakukosea, kwa wengi chakula cha baridi ni afadhali kweli, lakini kwenye kansa ya utumbo mpana inatumika sana dawa inaitwa oksaliplatini, kwenye karatasi utaiona inaanza na herufi O na X, na hii haipatani na baridi kabisa. Inachokoza mishipa ya fahamu, mtu akigusa au kumeza cha baridi koo linajisikia linajifunga, vidole na midomo inawaka, wengine taya inakaza. Njia ya hewa yenyewe inakuwa haijaziba, na ukimpa kitu cha vuguvugu inaachia. Ulizeni kama ndo hiyo. Kuendelea au kutoendelea atasema daktari, wewe mwambie yote kama ulivyoniambia mimi.

Lakini akivimba uso, akitoka vipele, au pumzi ikakata kweli na haiachii, hiyo inaweza kuwa aleji, hapo ni hospitali ya karibu muda huohuo hata kama ni usiku.

Siku tano hivi baada ya kila dripu (nesi wake atawapa idadi kamili) kila kitu kiwe vuguvugu, maji, jusi, matunda yatoke mezani siyo kwenye friji. Anaoga maji ya moto. Na kwa vile ni mvuvi hapa nisiache, asishike barafu na asipange sangara kwenye boksi la barafu siku hizo, asiende ziwani alfajiri upepo ule unapiga usoni, na mkivuka na kivuko asubuhi ajifunge kitambaa puani na mdomoni. Vidole vikifa ganzi anaweza kukatwa na mwiba wa samaki asisikie, na kidonda kwa mtu wa kemo siyo cha kupuuzia. Ganzi ikianza kubaki tu mpaka dripu nyingine inafika, anashindwa kufunga kifungo cha shati au nyavu zinamponyoka, mkaseme, dozi huwa inapunguzwa au kusimamishwa kabla haijawa ya kudumu.

Dawa za utumbo mpana nyingi zinaharisha pia. Akiharisha muwe na ORS nyumbani, ndizi zilizoiva, wali laini, supu yenye chumvi, maziwa yapumzike kidogo. Akienda chooni mara nne au zaidi juu ya idadi yake ya kawaida kwa siku, au damu ikaonekana, msisubiri boti ya kesho kutwa.

Anti habari, mwanangu ana miaka sita, taya lilivimba tukadhani ni jino, kumbe wakasema ni limfoma ya Burkitt, kansa ya tezi. Yuko wodini dripu zimeanza na uvimbe umenywea mpaka nashangaa, ila kula hataki, anataka chipsi na soda tu. Nimpe? Na choo hapati siku ya nne leo. Mama J, Sengerema

Mama J, kunywea kwa huo uvimbe ni jambo zuri sana. Ugonjwa huu tunauona zaidi kwenye kanda zenye malaria nyingi, ziwani huku tuko humo, na unasikia dawa vizuri mtoto akifikishwa mapema na akimaliza dozi zote, kwahiyo ukimuona kachangamka usimtoe.

Chipsi mpe. Ndiyo nimesema mpe. Mtoto wa kemo anayetaka kula kitu ni wa kushukuru, ila zitoke jikoni kwako au kwa shangazi yake, siyo za kibandani zilizokaa kwenye kioo toka asubuhi, na uzipige na mayai mawili yakaive kabisa mpaka katikati pakauke, hapo umeshampa chakula kamili bila ugomvi. Soda mpe baada ya kula, siyo kabla, maana tumbo la miaka sita halina nafasi mbili. Taya likimuuma ponda viazi na maziwa.

Maji ndo muhimu kuliko hiyo chipsi. Uvimbe ukiyeyuka haraka hivyo taka zake zote zinapita kwenye figo, ndo maana unaona wanamtundikia maji mengi wodini, muulize nesi anywe kiasi gani na ufuatilie mkojo.

Choo nacho mwambie nesi leo, usingoje asubuhi. Kwenye matibabu haya kuna dawa inaitwa vinkristini, inalaza utumbo. Atapewa dawa ya kulainisha, wewe msaidie na papai lililoiva, maji, uji. Usimpige bomba na usimuingizie kitu chochote huko nyuma hata bibi akisema, kinga ikiwa chini mchubuko mdogo tu unaingiza vijidudu kwenye damu. Tumbo likijaa na kuuma piga kelele mpaka daktari aje. Na zile multivitamini za maduka ya dawa usimpe kabla hujauliza, nyingine zina foliki asidi na kama kwenye dawa zake kuna methotreksati hizo mbili zinafanya kazi kinyume.

Jambo la homa linawahusu wote, hata binti wa Igoma na dada wa Ukerewe. Sisi huku mtu akipata joto akili inakimbilia malaria, tunanunua mseto dukani, panadoli juu, tunalala. KWA MTU WA KEMO HAPANA. Chembe nyeupe za damu zinashuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, na homa ya nyuzi 38 au zaidi siku hizo inaweza kuwa maambukizi ya kwenye damu yanayoua ndani ya masaa. Panadoli inashusha joto tu, inaficha, ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Nunueni kipimajoto. Ikigonga 38 ni hospitali usiku huohuo, mkifika getini neno la kwanza liwe "yuko kwenye kemo" kabla hata ya jina, malaria watapima hukohuko.

Jirani yangu hapa Buzuruga kanipa masharti: niache sukari, nyama, maziwa na mayai eti vinalisha kansa, ninywe choya na majani ya mpapai niongeze damu. Niko dripu ya pili, nimeishiwa nguvu.

Nguvu zitatoka wapi dada yangu umeacha vyote? Seli zote za mwili zinatumia sukari, za kansa na zako, ukiacha kula mwili unaanza kujila misuli na kansa haiachi kitu. Soda na keki siyo chakula sawa, na kama una kisukari fuata masharti yako ya kisukari hasa siku unazomeza vile vidonge vya steroidi vya kuzuia kutapika maana vinapandisha, lakini kijiko cha sukari kwenye uji hakikuui. Rudisha mayai leo.

Damu inashuka kwenye kemo kwa sababu dawa inagonga uboho wa mifupa ambako damu inatengenezwa, siyo lazima kwa sababu umekosa madini ya chuma, kwahiyo choya kunywa kama unaipenda, ichemshwe vizuri, ila usikae nyumbani unaisubiri ipandishe damu huku unahema ukipanda ngazi. Kapime. Majani ya mpapai, mwarobaini, alovera na zile chupa za soko kuu zisizo na lebo weka pembeni mpaka umalize, zinaweza kugongana na dawa kwenye ini, na balungi nalo linagongana na baadhi ya dawa, uliza kwanza. Ukishakunywa tayari mwambie daktari bila kuona haya, wanasikia hayo kila siku.

Kachumbari naruhusiwa? Na dagaa je? Wa Kirumba

Kachumbari ya mgahawani hapana. Ya nyumbani subiri kinga ipande, afu nyanya na tango uoshe kwa maji yaliyochemshwa na umenye maganda. Maziwa ya kuchemshwa, na mtindi utokane na maziwa yaliyochemshwa, wa kibuyu wa njiani mwache. Kiporo kama hakikukaa kwenye friji kwaheri. Dagaa kula, nusu ya uzito wake au zaidi akiwa mkavu ni protini na wewe uko hatua mbili kutoka soko la samaki la Mwaloni, ila anayeanikwa chini mchangani ana mchanga na mengine yasiyosemeka, mtoe kichwa, muoshe maji ya moto mara kadhaa, mchemshe kwanza ndo uunge na karanga au nyanya. Kama harufu inakushinda mkaushe kwenye kikaango huko nje, msage, vijiko viwili vya huo unga tia kwenye mchuzi wa maharage, wengi hawamsikii kabisa.